Uzito Hauna Jina

Nyumba nzima ilikuwa inapiga miayo. Ndivyo Inspekta Kobe alivyoikuta alasiri ile: mapazia meupe yanavimba na kunywea, feni za dari zinazunguka kwa uvivu, na korido ndefu yenye harufu ya sabuni imelala kimya, jua likiwa limemwagika sakafuni chini ya kila dirisha. Wazee walikuwa wamelala vyumbani mwao, midomo wazi. Mtu angeweza kusahau kabisa kwamba humu ndani kuna binadamu aliyepotea, mradi asimsikilize binti yake mkubwa.

"Mtie pingu huyo nesi, Inspekta! Mnangoja nini? Mnangoja mniletee maiti ya baba yangu?" Binti mkubwa alikuwa dalali wa nyumba, na sauti yake ilizoea kuvuka barabara.

"Pingu zipo," alisema Kobe. "Hazichachi."

Kituoni walimpa Inspekta jina la Kobe kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona mama huyo akikimbia. Siku moja jambazi lilimchoropoka sokoni. Wenzake wakatimua mbio, yeye akalifuata kwa mwendo wake wa pole, akalikuta kituo cha basi limekaa, halina nauli. Tangu siku hiyo hakuna mkubwa wala mdogo aliyemharakisha. Ila leo moyo wake mwenyewe ulimharakisha, maana mambo yalikuwa hivi.

Mzee wa Reli, mgonjwa wa kitanda cha dirishani katika chumba cha mwisho, alikuwa ametoweka. Alikuwa mzee mrefu, mnene, wa kutembea na mkongojo, na kumbukumbu zilikuwa zimemtoka moja moja kama meno. Moyo wake ulikwenda kwa vidonge. Kidonge cha jioni kilikuwa cha jua kuzama, na daktari alikwisha kusema bila kumung'unya maneno kwamba mzee akikikosa, huenda asiione asubuhi. Na sasa saa kumi na moja ilikuwa inakaribia.

Chini ya godoro la kila mzee mwenye kupotewa na akili kulikuwa na kihisi, karatasi nyembamba ya plastiki yenye waya. Mgonjwa akinyanyuka, kihisi kinabisha hodi kwenye kisanduku cha ukutani, na kengele inalia chumba cha wauguzi. Kengele ya kitanda cha dirishani ilikuwa imelia saa tisa na nusu. Nesi alikuwa amefika na kuizima kwa kitufe cha ukutani kabla ya dakika kupita. Hilo liliandikwa na mtambo wenyewe, si maneno yake. Akakuta kitanda kitupu. Akapiga kelele, bawabu akafunga lango papo hapo. Nyumba ikapekuliwa kuanzia darini mpaka nyuma ya matangi ya maji. Hola.

Sasa mzee anayeipumzisha hatua moja kabla ya kuanza nyingine anayeyukaje ndani ya dakika moja? Binti mkubwa alikuwa na jibu lake: nesi alimtoa mwenyewe kwa mlango wa nyuma, maana ufunguo wake uko kiunoni kwake yeye tu. Lilikuwa jibu lenye mashiko. Kobe hakulipenda, lakini hakuwa na jingine.

Nesi huyo wazee wote walimwita Shangazi. Alikuwa mama wa mwili, na kigoda alichokalishwa katika chumba cha wauguzi kilikuwa kinalalamika chini yake. Beji yake ilikwisha kuvuliwa. Konstebo alisimama mlangoni akijitahidi kumeza mwayo.

"Kengele ililia ukiwa wapi, dada?" aliuliza Kobe.

"Hapahapa. Napanga vidonge."

"Ukakimbia."

"Mimi na mwili huu sikimbii, Inspekta. Nilijikokota haraka."

"Kitanda ulikikutaje?"

"Kitupu, lakini cha moto. Niliweka kiganja kwenye shuka. Joto la mtu aliyetoka sasa hivi."

"Na mlango wa nyuma?"

"Umefungwa. Ufunguo huu hapa." Aliushika kama vile unamuunguza. "Najua inavyoonekana. Hata mimi ningekuwa wewe ningenifunga. Lakini yule mzee namlisha kwa mkono wangu huu. Nimtoe nje nimpeleke wapi?" Machozi yakamtoka, na hakuyafuta.

"Kuna jambo hujaniambia."

"Hakuna."

Hilo 'hakuna' lilitoka upesi mno. Kobe alilisikia, akaliacha likae. Alikuwa na tabia hiyo. Kitu kilichofichwa akikiacha, aghalabu hujitokeza chenyewe kutafuta hewa.

Nje, koridoni, mke wa mzee alikuwa amekaa kwenye benchi, mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, aliyejifunika mtandio wa kijivu, kikapu cha vyombo mapajani. Kila mchana alimletea mumewe chakula. Leo, kwa maelezo aliyoyatoa mwanzo, kengele ilipolia alikuwa bafuni anaosha vyombo. Macho yake yalikuwa yanafumba, yanafumbuka. Kobe alimwamkia, naye akaitikia kwa sauti ya mtu aliye ndotoni.

"Mwache mama yangu," alisema binti mkubwa. "Huoni amepigwa na bumbuwazi?"

Kobe alimwacha, akaenda chumba cha mwisho. Pale mlangoni ikabidi apaze sauti kwa mara ya kwanza mwaka huo.

"Toa kidole!"

Kijana mwembamba aliyepiga magoti mbele ya kisanduku cha ukutani aliruka. Kidole chake kilikuwa juu ya swichi. Huyu ndiye fundi wa kompyuta, ambaye nyumba nzima ilimwita Waya, kwa umbo lake na kwa kazi yake.

"Nilitaka nikizime nikiwashe tu, Inspekta. Mitambo yote dawa yake ya kwanza ni hiyo."

"Na mashahidi wote dawa yao ya kwanza ni kutoguswa. Kuna aliyekalia kitanda hiki tangu kengele ilie?"

"Hakuna. Konstebo wako alisimama hapa mpaka alipopelekwa kwa nesi, anatufukuza kama kuku; tangu hapo niko mimi."

"Vizuri. Sasa nieleze kinavyofanya kazi. Taratibu, kama unamweleza bibi yako."

Waya alimtazama kuhakikisha kama anataniwa. Alipoona hataniwi, alikaa sakafuni, naye Kobe akachuchumaa kando yake, migongo yao kwenye ukuta wenye joto.

"Kihisi kiko chini ya godoro. Humu kisandukuni kuna kompyuta ndogo. Kihisi hakijui lugha ya kompyuta, na kompyuta haijui lugha ya kihisi. Katikati nimeweka draiva, programu ndogo niliyoiandika mimi mwenyewe. Kihisi kikibisha hodi, kompyuta inaacha yote iliyokuwa inafanya, inaiamsha draiva. Na draiva hairuhusiwi kupiga soga mlangoni. Inaandika upesi kwamba hodi imebishwa, inaondoka, kompyuta inaendelea na shughuli zake. Kazi ndefu inafanyika baadaye, pembeni."

"Kazi ndefu ipi?"

"Kuamua kama hodi ni ya kweli."

"Kumbe kuna hodi za uongo."

"Tele! Mgonjwa akigeuka tu, uzito unaondoka, unarudi. Mwanzoni kila aliyegeuka aliliza kengele. Wazee hawalali, wauguzi wamenijia juu, mkuu wa nyumba ananipigia simu niko msalani. Basi nikaiambia draiva: ukisikia hodi, subiri kidogo. Uzito ukirudi kabla ya subira kwisha, futa hodi yote, jifanye hukusikia."

"Kidogo ni kiasi gani?"

Waya alijikuna shingo. "Mwanzo sekunde mbili. Wakalalamika. Nikaweka tano. Wakalalamika. Sasa ni ishirini."

"Ishirini! Nani anageuka kitandani kwa sekunde ishirini?"

"Wazee hugeuka kwa awamu, Inspekta."

Kobe hakucheka. Pazia lilivimba, likamgusa begani, likanywea. Chumba kilikuwa na ule utulivu wa alasiri unaomfanya mtu asijue kama anafikiri au anasinzia. Alikitazama kitanda mpaka kikaanza kumwelea machoni. Akamwona Mzee wa Reli anainuka polepole, shuka likishuka mabegani. Kisha, kabla shimo la godoro halijajaa, akaona mwili mwingine, ambao hakuuona sura, unajilaza palepale kwenye joto lilelile. Kengele ilinyamaza. Dirisha lilinyamaza. Mzee aliondoka huku kitanda kikiamini kimembeba. Kobe alishtuka, akajikuta ameuma ulimi.

"Waya. Uzito ukirudi, draiva yako inajuaje ni uzito wa mtu yuleyule?"

Kijana alikigeukia kisanduku chake.

"Haijui," alisema hatimaye. "Inauliza tu: upo au haupo. Uzito hauna jina."

Kobe hakutaka nadharia zilale bila kupimwa. Alikataza mtu asikiguse kitanda cha dirishani, akamchukua Waya mpaka chumba cha jirani ambacho mwenyewe alikuwa amepelekwa hospitali. Kitanda kilikuwa na kihisi kilekile na draiva ileile. Konstebo akatumwa akasikilize kengele. Waya alilala chali, viatu vikining'inia. Kobe akahesabu, Waya akainuka, Kobe akakaa mahali pake bila haraka, akajilaza. Godoro lilikuwa laini, na kwa sekunde kadhaa usingizi wa nyumba ile ulimpitia usoni kama kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Walimsubiri konstebo.

"Vipi huko?"

"Kimya, afande. Nilidhani hamjaanza."

Kobe aliinuka. Sekunde ishirini zikapita, kisha kengele ikalia huko mbali, na mahali fulani mzee mmoja akaikemea usingizini.

Basi kengele ya saa tisa na nusu haikumlilia Mzee wa Reli hata kidogo. Ilimlilia yule aliyemshikia nafasi. Mzee mwenyewe alikwisha kuondoka zamani, na watu wazima wazima walikuwa wamemtafuta darini.

Alirudi kwa Shangazi, akavuta kiti, akakaa goti kwa goti naye.

"Nimejifunza kubadilishana kitanda, dada. Ni rahisi. Nadhani hapa kuna wataalamu kunizidi."

Shangazi alitazama kucha zake. Halafu akashusha pumzi ndefu, kigoda nacho kikalia.

"Tunaita kushikia kitanda. Kila kengele ikilia lazima tuandike maelezo kwa mkuu: nani kainuka, kwa nini, ulikuwa wapi. Mzee mmoja anakwenda msalani mara ngapi kwa siku? Tutaandika mpaka lini? Basi mmoja akimwinua mgonjwa, mwenzake anakaa pale kitandani mpaka warudi. Wauguzi wote tunafanya, tangu Waya alipotuongezea muda. Ningekwambia, wote tungefukuzwa."

"Leo umemshikia nani?"

"Sijamshikia mtu leo. Niko peke yangu, nitainua na kushikia kwa wakati mmoja?"

"Nani mwingine anajua?"

"Wauguzi tu." Alisita. "Na wanaokuja kila siku. Wanatuona. Hatujifichi."

Kobe alitoka, akamkuta Waya bado anakitazama kisanduku kama mtu aliyesalitiwa na mwanawe.

"Draiva yako inafuta hodi. Inafuta na uzito?"

"Uzito haiupeleki kokote. Inapeleka 'yupo' na 'hayupo' basi." Kisha macho yakamtoka. "Lakini ngoja. Godoro huchoka, linabonyea. Ili draiva ijirekebishe, huwa inashika kipimo cha mwisho kabla kitanda hakijawa kitupu. Haikiandiki popote, inakishika tu kichwani. Umeme ukizimwa kinapotea."

Wote wawili walitazama swichi. Kisha Waya akatazama kidole chake.

"Salale," alisema.

"Nisomee."

Alichomeka waya kwenye kompyuta yake ya mkononi, akaandika, akangoja. Midomo yake ilisogea kabla sauti haijatoka. "Arobaini na nane. Kilo arobaini na nane."

Mzee wa Reli, kwa karatasi ya daktari, alikuwa kilo tisini na tatu. Kobe alimwita Shangazi aje asikie kwa masikio yake. Shangazi alisikia, akatazama mwili wake kuanzia juu mpaka chini, na katikati ya machozi yake kicheko kikamponyoka.

"Jamani, mimi kilo arobaini na nane niliziaga darasa la sita!"

"Huhusiki," alisema Kobe. "Konstebo, mrudishie beji yake." Kisha akatoka mpaka langoni, na mara hii hatua zake zilikuwa ndefu kidogo.

Bawabu alikuwa ameegemea kibanda chake, kofia usoni.

"Leo mchana ulimwona Mzee wa Reli?"

"Nimewaambia wenzako mara tatu. Tangu kengele ilipolia hakuna aliyetoka."

"Na kabla ya kengele?"

Bawabu alivua kofia. "Kabla? Kabla alitoka. Saa nane, wageni wa mchana walipokuwa wanaondoka. Kavaa koti lake la kazi, kaniamkia vizuri, mimi mwenyewe nikamfungulia. Nilidhani yuko na wageni wake."

"Na hukusema!"

"Hakuna aliyeniuliza, Inspekta. Wote mnaniuliza kuhusu baada."

Kwa muda wa karibu saa tatu, basi, mzee alikuwa nje, na jua lilikuwa limeanza kuinama. Kobe alirudi koridoni, akaketi benchini kando ya mke wa mzee. Hakumwangalia. Walikaa pamoja wakitazama vumbi likielea kwenye mwanga, wakipumua kwa mwendo mmoja na nyumba.

"Mama," alisema Kobe. "Usingizi wa mchana mtamu, eh?"

Mikono iliyokuwa juu ya kikapu ilikaza.

"Mtamu, mwanangu," alisema mama. "Mtamu na mbaya."

Binti mkubwa akaja kwa vishindo. "Nimesema mumwache mama…"

"Nyamaza wewe," alisema mama, bila ukali. "Shangazi wa watu hana kosa. Mimi ndiye niliyekuwa kitandani."

"Mama!"

"Aliniambia nimshikie. Kama wanavyoshikiana hawa wasichana. Nikadhani anataka msalani, na Shangazi yuko kwenye dawa, kwa nini nimsumbue? Nikakaa. Mgongo ukaniuma, nikajinyoosha. Lile joto lake lilikuwa bado limo. Mwanangu, miaka miwili nalala peke yangu kwenye kitanda cha watu wawili. Nikalala. Niliposhtuka, jua limehama dirisha zima. Nikaruka. Kengele ikaanza. Nikakimbilia bafuni na vyombo vyangu kwa woga, nikasema Mungu wangu, watoto watasema nimemuua baba yao. Nikadhani mtamkuta hapo uani. Kila nilipotaka kusema, ulimi ulikuwa mzito."

Binti mkubwa alikaa benchini upande wa pili wa mama yake.

"Alipoondoka alisema chochote?" aliuliza Kobe.

"Hapana. Yaani, niliota tu."

"Niambie ndoto."

"Niliota kaniinamia, kavaa koti lake. Kaniambia, 'Lala wewe, zamu yangu imefika. Treni ya jioni haina mtu wa kuifungulia njia.' Na mimi nikamjibu, 'Haya baba, nenda salama.'" Aliziba uso kwa mtandio. "Nilimruhusu, mwanangu. Kwa mdomo wangu."

Kobe alikwisha kusimama. "Alifungulia njia wapi?"

"Kibanda cha ishara, kule nyuma ya maghala. Reli yenyewe ilishafungwa, nyasi tupu."

Walikwenda kwa gari la binti mkubwa. Shangazi alikuja mbio, ndiyo, mbio, kidonge cha jioni kwenye kikopo na chupa ya maji kwapani, akasimama kando ya gari bila kujua kama anaruhusiwa. Binti mkubwa hakuomba msamaha. Alizunguka, akamfungulia mlango wa mbele mwenyewe, akasogeza kiti nyuma ili amtoshe.

Kibanda kilikuwa ghorofa moja ya mbao juu ya nguzo za matofali, na ngazi ya chuma ubavuni. Reli ilipita chini yake ikiwa imezama kwenye majani marefu yaliyopigwa na jua la mwisho, yote rangi ya asali, yakiinama na kuinuka bila sauti. Kwa muda Kobe aliona kama vile dunia nzima imeshusha pumzi na kungoja treni. Juu, nyuma ya dirisha lisilo na kioo, palionekana bega la koti.

Binti mkubwa alipanda wa kwanza. Waliisikia sauti yake, "Baba!", na sauti nzito ikijibu kwa adabu: "Abiria hawaruhusiwi kupanda huku, dada. Teremka tafadhali." Alishuka analia.

Kobe alipanda. Mzee wa Reli alikuwa kwenye kiti cha mbao mbele ya safu ya mikono ya chuma iliyoshikwa na kutu, viganja magotini, uso umepauka, midomo imeanza kuwa ya kijivu. Pumzi zake zilikuwa fupi.

"Mzee wangu, twende ukapumzike. Dawa yako iko chini."

"Siwezi kuacha kiti, mama. Mwenzangu hajafika."

"Mimi ni askari, nitakaa mimi."

Alimtazama viatu, kisha uso. "Wewe si wa reli," alisema, akageukia dirisha. Kobe alikuwa amewatoa watu kwenye mapaa, visimani na chini ya vitanda. Angeweza kumwinua huyu kwa nguvu na konstebo mmoja. Lakini alizitazama zile pumzi, akajua moyo ule hautavumilia mieleka.

Ngazi ililia polepole nyuma yake. Mke wa mzee alikuwa amepanda, mkono mmoja kwenye chuma, mtandio ameufunga kiunoni kama mtu aliyekuja kazini. Alimpita Kobe, akasimama mbele ya mumewe.

"Nimekuja kukupokea zamu."

Mzee alimwangalia. Hakuna kitu usoni mwake kilichomtambua. "Umechelewa."

"Nimechelewa. Nilisinzia."

"Hapa hapasinziwi, mama. Ukisinzia hapa watu wanakufa."

"Najua," alisema, na machozi yalikuwa yanamtiririka wazi. "Nisamehe."

Mzee alifikiri. Kisha akaitikia kwa kichwa, kama bosi mwema. "Kila mtu husinzia mara moja. Usirudie. Haya: njia ya juu iko wazi, njia ya chini imefungwa. Treni ya jioni bado haijapita. Umepokea?"

"Nimepokea."

Ndipo aliposhika mkongojo, akainuka. Mama akakaa kwenye kiti kabla hakijapoa, akaweka viganja vyake magotini. Kobe alimteremsha mzee ngazi moja moja. Chini, Shangazi alikuwa tayari na kidonge, na mzee alikimeza bila ubishi, kwa kuwa sasa hakuwa kazini. Binti mkubwa alimshika mkono mwingine. Mzee alikubali kushikwa na huyo dada asiyemjua.

Walipomfikisha garini, Kobe alipanda tena.

"Mama, twende. Ameshaondoka."

"Bado, mwanangu. Anaangalia."

Kobe alichungulia. Kweli, chini kwenye majani, mzee alikuwa amesimama na mlango wa gari wazi, ameinua uso, anahakikisha kwamba kiti kina mtu. Mama alinyoosha mkono nje ya dirisha. Mzee naye akanyoosha wake, akaridhika, akaingia garini. Mlango ukafungwa.

Mama hakuushusha mkono mara moja. "Miaka yote niliyokaa naye," alisema, "kila siku nilimletea chakula mpaka pale chini kwenye ngazi. Hakuwahi hata siku moja kuniruhusu kupanda."